Makadirio ya Bwana Harusi

Siku ya kukadiriwa kodi, mtu mwenye akili zake havai vizuri. Hilo halifundishwi shuleni wala halitangazwi redioni, lakini kila mwenye kibanda chake analijua. Asubuhi ile chumba cha makadirio kilijaa watu ambao ungewaonea huruma ukawachangia nauli. Mwoka keki, ambaye kila mtu humwita Mama Keki, aliziacha hereni zake nyumbani akavaa gauni lililofubaa mpaka maua yake yamekuwa madoa. Mpiga picha alikuja na shati lisilo na kifungo cha juu. Mshereheshaji, mtu ambaye sauti yake hujaza ukumbi bila kipaza sauti, aliongea kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa jana. Hata kikohozi alikuwa nacho.

Wote walikuwa watu wa harusi. Mwaka ule ofisi ya kodi iliamua kuwaita wafanyabiashara wadogo kwa makundi, leo mafundi magari, kesho wauza dawa, keshokutwa watu wa sherehe. Mfanyabiashara asiyeweka hesabu hukalishwa mbele ya ofisa, huulizwa anaingiza kiasi gani, na ofisa humkadiria kodi ya mwaka mzima kutokana na majibu yake na kutokana na anavyomwona. Ndiyo maana pale watu huyaogopa macho ya ofisa kuliko kalamu yake.

Sasa hapo akaingia Bwana Harusi.

Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa anakodisha suti za harusi, na kwa sababu alikuwa anazivaa mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, na mtaani hakuna aliyekumbuka lini alimwona bila koti. Siku hiyo alivaa suti ile ya kijivu yenye kizibao, ile wanayokodi vijana ambao wakwe zao wana uwezo. Mke wake alipomwona akiichomoa kwenye hanga alimuuliza kama ni lazima, akajibiwa kwamba mtu haendi ofisi ya serikali kama aliyetoka kumwagilia bustani. Jamani, kuna watu Mungu amewapa kila kitu akasahau kuwapa woga. Mama Keki alipomwona mlangoni alifumba macho.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, leso mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Tangu asubuhi alikuwa anasikiliza vilio. Mama Keki alimwambia anaoka keki moja kwa wiki, na hiyo yenyewe ndogo, maana bei ya mayai hata ofisa anaiona. Mpiga picha akasema siku hizi kila mgeni ana simu yake, yeye anaitwa akapige picha ya familia tu, halafu anaonyeshwa mlango. Mshereheshaji akaeleza kwamba watu wanaoana kimyakimya. Ofisa aliandika bila kubisha. Alishachoka, na waliokuwa mbele yake walionekana wamechoka zaidi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Aliponyanyua uso akaona kizibao, akaketi sawasawa.

“Karibu, mheshimiwa,” alisema.

Neno hilo ndilo lililomponza. Njiani kote Bwana Harusi alikuwa amejiandaa kusema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa nyepesi kuitamka. Suti moja kwa wiki, na wiki nyingine hata hiyo moja haitoki, maana vijana wananunua suti za mtumba kwa bei ya kukodi na wanabaki nazo. Lakini nani aseme “moja” akiwa ameitwa mheshimiwa, mbele ya watu wote anaofanya nao kazi, kizibao kimembana hivi? Alikohoa kidogo, akajifuta paji la uso, na ofisa akamuuliza kwa upole, kwa wiki zinatoka suti ngapi.

“Haziwezi kupungua ishirini,” alisema Bwana Harusi.

Mshereheshaji alikohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

Ofisa hakuwa mjinga. Aliandika ishirini, akaangalia dari, halafu akasema kama anayefikiri kwa sauti kwamba tuseme bwana harusi na msimamizi wake ni suti mbili kwa kila harusi. Basi hapa mjini kuna harusi kumi kila wiki, tena hizo ni za duka moja tu. Akageuka kwenye benchi la nyuma, akamwita Mama Keki arudi mbele.

“Mama, hizi harusi kumi,” alimuuliza, “wanakata nini?”

Mama Keki alifungua mdomo, akaufunga. Baada yake akaitwa mpiga picha, halafu mshereheshaji, halafu mpambaji wa kumbi ambaye alikuwa ameshamaliza na yuko mlangoni anaaga. Mmoja mmoja walipandishiwa kodi, kwa hesabu isiyo na kasoro hata moja isipokuwa mwanzo wake. Ofisa hakumkaripia mtu. Aliwaambia tu kwamba mwenzao huyu amekuwa muungwana, nao wangefanya vizuri kumuiga. Asiyeridhika alete pingamizi kabla mwezi haujaisha. Mwezi ukiisha, awamu ya kwanza inadaiwa, na mlango wa asiyelipa unatiwa kufuli la ofisi.

Nje, kwenye ngazi, hakuna aliyempigia kelele. Mama Keki alisubiri mpaka wakawa bega kwa bega naye.

“Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako,” alimwambia. “Leo nimekiona. Kina kizibao.”

Bwana Harusi alicheka, maana hakujua afanye nini kingine. Alicheka peke yake.

*

Mke wake alikuwa chumba cha nyuma, anapiga pasi. Humo ndimo alimofulia na kunyooshea suti za duka miaka yote, kati ya meza ya pasi, ndoo mbili na kamba iliyotoka dirishani mpaka kwenye msumari wa mlango. Naye alikuwa amepata jina kwa ajili ya mumewe. Mtaani walimwita Bibi Harusi, mwanamke mwenye watoto watatu wakubwa na magoti yanayomsumbua wakati wa baridi. Hakuwahi kulikataa jina hilo wala kulichekea.

Mumewe alimpa karatasi ya makadirio akiwa amesimama, bila kuvua koti. Aliisoma taratibu mpaka chini kwenye tarakimu, kisha akarudi juu kuhakikisha kwamba jina ni lao.

“Uliwaambia ngapi?”

“Ishirini.”

“Kwa mwaka?”

“Kwa wiki.”

Aliweka pasi pembeni, akakaa juu ya rundo la mashati ambayo hayajapigwa. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na vyote viwili vilimshinda. Awamu ya kwanza peke yake ilizidi kile ambacho duka lingeingiza hata kama wanaume wote wa mtaa ule wangeoa kwa mkupuo. Bwana Harusi akaanza kueleza kwamba hayo ni makadirio tu, si amri ya mahakama, kwamba atakwenda kuzungumza nao kiutu uzima, kwamba yule binti ofisa alimpokea kwa heshima sana. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu aliuliza fedha ya kuanzia kulipa itatoka wapi endapo mazungumzo hayo ya utu uzima yatakwama.

Bwana Harusi akajibu kama anavyojibu siku zote, kwamba fedha ipo, ila iko kwa wateja. Katika nyumba ile fedha ya suti ilikuwa na tabia hiyo, daima ipo na daima iko kwa watu. Fulani ameahidi mwisho wa mwezi, fulani amefiwa, fulani mkwewe hajampa. Wakati huo mke wake alikuwa anashona sare za shule za watoto wa watu, na kilichopikwa jikoni kilitoka kwenye sare hizo. Lakini mezani hakuna aliyesema hivyo. Mezani ilikuwa “Baba ameleta.”

Aliyeifurahia habari hiyo alikuwa mtu mmoja tu, mama mzazi wa Bwana Harusi, ambaye aliishi nao na alishinda kibarazani akiwajua wote wapitao na mambo yao. Alisikia kwamba mwanawe ametozwa kodi kubwa kuliko wenzake, na moyo wake ukakunjuka. Alisema serikali haikadirii maskini, ina macho. Siku hiyo hiyo aliwaeleza majirani watatu. Kesho yake jirani wa kwanza alikuja kukopa, akisema hana haja ya kwenda mbali wakati mlipa kodi mkubwa yuko hapo hapo ukutani kwake.

Bwana Harusi angeweza kukataa. Alimwambia jirani angoje, akaingia chumba cha nyuma, akamuomba mke wake pesa ya sare kwa macho tu, bila neno, akatoka nayo. Mama yake alimtazama akiitoa mfukoni mwa koti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wake alivuta sketi nyingine ya shule, akaendelea kushona pindo.

*

Watu wa harusi wanategemeana. Mwenye suti hana tangazo isipokuwa mdomo wa mshereheshaji, na mshereheshaji hana kazi mpaka mpambaji amtaje. Kuanzia wiki ile Bwana Harusi hakutajwa. Hakuna aliyekutana na mwenziwe kupanga jambo hilo, lilitokea lenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa ametanguliza malipo ya suti nyeusi alikuja dukani kuomba arudishiwe, akasema ameambiwa kwingine kuna nafuu. Alipoulizwa nani kamwambia alitazama viatu vyake. Bwana Harusi alimhesabia senti zake zote, akamtakia ndoa njema, akampigia saluti kwa mzaha. Kijana alipoondoka, alikaa kwenye kiti cha wateja akiangalia barabara, mikono magotini.

Mama Keki hakwenda dukani. Alikwenda chumba cha nyuma, kwa mke. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaeleza bila kupandisha sauti kwamba tanuri lake amelinunua kwa mkopo, kwamba akitiwa kufuli mwezi mmoja tu wenye tanuri watakuja kulichukua, na kwamba ana wasichana wawili wanaomsaidia kazi ambao itabidi awaambie kwaheri. Pingamizi lake ameshaliandika. Lakini ofisa amemjibu kwamba maadamu suti ishirini zimesimama, na keki zitasimama. Wa kuziangusha ni yule aliyezisimamisha.

“Dada yangu,” alisema mwishoni, “siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ndiye unayefua.”

Mke wa Bwana Harusi alimjibu kwamba atazungumza na mumewe. Mama Keki akaona hatapata zaidi ya hapo, akaaga.

Wakati huo Bwana Harusi naye alikuwa na mpango wake, na ulikuwa mpango wa mtu anayeogopa watu kuliko deni. Aliwahi ofisini kabla foleni haijakaa, akiwa na suti ya bluu isiyo na kizibao, akaomba kuonana na ofisa faragha. Mafua ya ofisa yalikuwa yamepona. Alimkaribisha vizuri, akamsikiliza anazungukazunguka kama mtu anayetafuta choo nyumbani kwa watu, mara msimu, mara kusahau, mara presha, mpaka akaelewa kwamba mzee anataka tarakimu yake ishushwe bila wengine kujua.

Alimwambia haiwezekani. Tarakimu hiyo imetumika kuwakadiria watu wengine, kwa hiyo itazungumzwa mbele yao, siku ya kusikiliza mapingamizi. Akamuuliza kama ana vitabu vya risiti. Hakuna. Daftari la wateja? Alikuwa anawakumbuka kwa sura. Ofisa alishusha pumzi, na kwa dakika chache akamsemesha kama binti anavyomsemesha baba yake. Alimwambia kwamba angekuwa anaandika kila suti inayotoka na kila inayorudi, asingekuwa na haja ya kukadiriwa na mtu yeyote. Angekuja na hesabu yake akalipa kilicho haki, tena kwa awamu nne katika mwaka, na mtu anayetenga kidogo kidogo hata haoni kimekwendaje. Kodi inawaumiza wasiojua wanachopata. Bwana Harusi aliitikia kila sentensi. Hakuna hata moja aliyoisikia, maana alikuwa bado amekwama pale kwenye “mbele yao”.

“Basi lete mtu anayeijua biashara yako,” ofisa alimalizia. “Aje aseme.”

*

Ilibidi amwambie mke wake. Alichagua Jumapili, wakati mama yake ametoka, akaingia chumba cha nyuma akavuta ndoo akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimwomba aende naye siku hiyo. Halafu akaanza kumpangia maneno. Wasingeweza kuruka kutoka ishirini mpaka chini kabisa, alisema, wataonekana matapeli. Bora waseme sita. Sita ni tarakimu ya mtu mwenye biashara yake, haina makuu na haina unyonge. Msimu umekuwa mbaya, zilikuwa ishirini sasa ni sita. Makadirio yatashuka, wenzao watapata nafuu, na mtu atabaki na uso.

Mke wake alikuwa anakagua kola ya shati kwenye mwanga. Alimuuliza kama kwa sita duka litaweza kulipa. Bwana Harusi akasema wataona mbele ya safari.

“Na Mama Keki?”

“Mama Keki ana wateja wake. Usimwone analia.”

“Mimi nikiulizwa, nitasema ninachokijua,” alisema mke wake.

“Sema,” akajibu Bwana Harusi, akiwa ametulia kabisa, kwa sababu alikuwa na hakika ya kile anachokijua mke wake.

*

Siku ya mapingamizi benchi zilijaa vilevile, ila safari hii hakuna aliyejifanya mgonjwa. Bwana Harusi alikuja kwa shati na suruali. Mke wake alimtolea nguo hizo asubuhi, naye hakubisha. Bila koti alionekana mwembamba kuliko walivyodhani, na mpambaji alimpita bila kumtambua akageuka kumwomba radhi. Mke wake alikaa pembeni yake, mikono yake yenye nyufa za sabuni ameikunja mapajani. Mama Keki alikaa mbele kabisa, amevaa hereni zake. Alishaamua kwamba hakuna sababu ya kuzificha tena.

Ofisa alimwita Bwana Harusi kwanza, maana wengine wote walikuwa wananing'inia kwake. Alisimama. Alieleza kuhusu msimu, akaeleza kuhusu suti za mtumba, akasema siku ile huenda alichanganya miezi na wiki. Akasema hali halisi kwa sasa ni suti sita.

Mnong'ono ukapita benchi hadi benchi. Ofisa alikokotoa. Sita ni harusi tatu kwa wiki. Alisema makadirio yatashuka, lakini si sana, na kwa wengine hivyo hivyo, akaanza kuandika. Mpiga picha alijishika kichwa. Mama Keki aliinamisha kichwa tu, na waliokuwa nyuma yake waliona mabega yake yanateremka. Yeye ndiye aliyejua bei ya tanuri.

“Na wewe, mama,” ofisa alisema bila kuinua uso, kwa kutimiza utaratibu, “unahusikaje na biashara hii?”

“Mimi ndiye ninayefua,” alisema mke wa Bwana Harusi.

“Kwa wiki unafua suti ngapi?”

“Sita.”

Bwana Harusi alivuta pumzi. Ofisa akarudisha kalamu kwenye karatasi.

“Zilizovaliwa na watu ni moja,” mke wake akaendelea. “Wiki nyingine hakuna.”

Kalamu ikasimama. Ofisa aliuliza, na hizo nyingine ni za nani. Mke wa Bwana Harusi alitazama benchi, akamtazama Mama Keki, halafu akamtazama mume wake, ambaye alikuwa amemgeukia na uso mtupu, uso wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotegemea.

“Ni za duka,” alisema. “Suti iliyotoka harusini inajulikana. Ina jasho la mtu, ina poda begani, ina mafuta ya chakula kwenye mkono, mfukoni kuna leso au kuna ganda la peremende. Hizi nyingine hazina kitu. Zina marashi ya mume wangu peke yake. Anazikunjakunja kule dukani, jioni ananiletea, anasema zimerudi. Nami nazifua.”

Chumba kilinyamaza kabisa. Katika watu wote wale alikuwapo mshereheshaji, mtu ambaye hata msibani hupata la kuchekesha, na alikuwa anatazama sakafu. Wangekuwa wamecheka, Bwana Harusi angejua la kufanya, maana vicheko alishavizoea na alikuwa na namna yake ya kuvipokea. Hakujua namna ya kupokea ukimya ule. Masikio yake yaliwaka moto. Alitaka kukaa, lakini kiti kilikuwa nyuma yake na alihisi akikaa itakuwa amekubali, na akisimama itakuwa anabisha. Basi akabaki katikati, magoti yameinama kidogo, mkono mmoja umeshika hewa pale ambapo siku zote kuna ukosi wa koti.

“Tangu lini?” ofisa aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Tangu wateja walipopungua. Sikuweka hesabu.”

Ofisa akamgeukia Bwana Harusi. Hakumwita mheshimiwa.

“Ni kweli, baba?”

Aliangalia benchi lote. Hakuna aliyekuwa anamtazama, walikuwa wamemsitiri kwa kutazama pengine, na hilo lilimwumiza kuliko lingine lolote siku hiyo.

“Kweli,” alisema. “Ni moja.”

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ofisa alifuta, akaandika upya, akamweka Bwana Harusi kwenye daraja la chini kabisa, lile la wenye vibanda, na wengine akawarudisha pale walipokuwa siku ya kwanza kabla kizibao hakijaingia mlangoni. Awamu ya kwanza ya Bwana Harusi ilikuwa ndogo kiasi kwamba mke wake alifungua mkoba akailipa hapo hapo, kwa pesa ya sare. Alipewa risiti. Karani aliuliza aandike jina la nani, na mke akataja la mumewe.

Mlangoni Mama Keki alimshika mke huyo mkono kwa mikono yake yote miwili. Mshereheshaji alimwendea Bwana Harusi, akamwambia kuna kijana anaoa mwezi ujao, atamwelekeza kwake. Alisema “kaka”. Kwa miaka yote ya kufanya kazi pamoja alikuwa hajamwita hivyo, alikuwa anamwita Bosi. Bwana Harusi alimshukuru na kutamani ardhi ipasuke.

*

Walirudi kwa miguu. Bwana Harusi alitangulia kidogo, kama alivyozoea, akiwa hajui aweke wapi mikono. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikupata pa kutua. Akitaka kumlaumu mke wake kwa kumvua nguo hadharani anakuta kwamba duka limepona kwa sababu hiyo. Akitaka kumlaumu ofisa anakumbuka alivyomwita baba. Alipiga hatua nyingi namna hiyo, akipita mbele ya maduka ya watu, akisalimiwa na kuitikia. Jambo moja lilikuwa linamgonga kuliko ile aibu ya benchini. Jioni zote zile alipoingia na mzigo begani, akaubwaga juu ya meza ya pasi, akajinyoosha mgongo na kusema leo kulikuwa na kazi, mke wake alikuwa akimpa pole. Kila jioni alimpa pole, akamwekea maji ya kuoga, akamwambia akapumzike.

Alisimama, akamngoja amfikie.

“Ulijua siku zote.”

“Nilijua tangu ya kwanza.”

“Maji yote yale. Sabuni.” Aliitazama mikono ya mke wake. “Kwa nini hukuniambia?”

Mke wake naye alisimama. Alibadilisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akawaza, na alipomjibu hapakuwa na ukali wowote katika jibu lake.

“Ningekuambia,” alisema, “jioni ungekuwa unarudi na nini?”

Machozi yalimtoka Bwana Harusi palepale barabarani, mchana kweupe, watu wakipita, na hakuwa na leso. Mke wake alimtafutia kwenye mkoba, akampa kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki kwenye kushona, akasimama mbele yake ili wapitao wasimwone, mpaka alipomaliza.